Kutazama Nyota si Kupiga Falaki



Katika miji mingi duniani, watu wasio wanasayansi hukusanyika usiku kwenye bustani za umma, husimamisha darubini zao na kuwakaribisha wapita njia watazame mwezi na nyota. Nchini Kenya, kundi la The Travelling Telescope hupeleka darubini mashuleni. Hapa Tanzania, Dkt. Noorali Jiwaji amewaelimisha wananchi kuhusu anga kwa miaka mingi. Je, mwamini anaweza kushiriki mikusanyiko ya namna hii bila kuidhuru imani yake?

Swali hili lina msingi, kwa kuwa katika lugha yetu neno unajimu hubeba maana mbili: elimu ya mwenendo wa nyota, na ubashiri wa maisha ya watu kwa kutumia nyota. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, inakataa ubashiri huo pamoja na ramli, kwani humnyima Mungu heshima anayostahili Yeye peke yake. Anayepiga falaki huiuliza nyota habari za ndoa, mali na adui zake. Anayetazama kwa darubini huiuliza nyota habari za nyota yenyewe. Wa kwanza hujitia utumwani mwa kiumbe. Wa pili hukichunguza kiumbe na kumtukuza Muumba.

Kanisa lenyewe limeihitaji elimu hii. Tarehe ya Pasaka hufuata mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, na mwaka 1582 Papa Gregori XIII alirekebisha kalenda kwa msaada wa wataalamu wa anga. Ni kweli kwamba Galileo alihukumiwa mwaka 1633. Lakini mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri kwamba wanateolojia wa wakati ule walikosea. Mwaka 1891 Papa Leo XIII alikianzisha upya kituo cha Vatikani cha kuchunguza anga, kinachofanya kazi hadi leo. Naye Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji alieleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka.

Elimu huondoa hofu. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kusini mwa nchi yetu, likabaki kama pete ya moto. Huko Rujewa, mkoani Mbeya, watu walikusanyika na kulitazama kwa miwani maalumu. Asiyejua chanzo cha giza la namna hiyo ni rahisi kuuziwa hofu, na hata kinga ya uongo, na waganga. Anayejua kwamba ni mwezi uliopita mbele ya jua hana cha kununua.

Waamini wa Nalasi na vijiji vya jirani wana utajiri ambao miji imeupoteza: giza safi la usiku. Wazee waliosoma msimu wa kilimo kwa kundi la nyota liitwalo Kilimia ni walimu wa kwanza wa elimu hii, nao wapewe nafasi ya kuzungumza mbele ya vijana.

Parokia au kigango kinaweza kuanza kwa urahisi. Uchaguliwe usiku wa kiangazi usio na mbalamwezi, kwenye uwanja ulio salama, watoto wakiwa na wazazi wao. Taa zizimwe, macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Macho matupu yatatosha kuuona Msalaba wa Kusini. Darubini ndogo itaonyesha miezi minne ya Mshtarii aliyoigundua Galileo mwaka 1610, na pete za Zohali, sayari hizo zinapokuwa angani. Mashimo ya mwezi yapangiwe jioni nyingine, mwezi unapokuwa nusu. Kamwe mtu asilitazame jua kwa darubini isiyo na kichujio maalumu, kwani anaweza kupofuka papo hapo.

Tunawahimiza viongozi wa jumuiya waiandae jioni kama hiyo, waifungue na kuifunga kwa sala. Kijana aliyeziona pete za Zohali kwa jicho lake hatadanganyika kwa urahisi na anayedai kuiuza bahati iliyoandikwa katika nyota.