Kutenganisha Michanganyiko: Kutoka Ukanda wa Karatasi hadi Bomba la Kapilari

Somo la kutenganisha michanganyiko hufundishwa mara nyingi kwa kukaririsha fasili. Mtoto hutaja kuchuja na kuchekecha, akapata alama zake. Lakini akiulizwa kama wino mweusi ni kitu kimoja au vingi, hana njia ya kujua. Twapenda kuwaonyesha walimu wanafunzi kwamba njia ipo, nayo haihitaji maabara. Mwalimu wa Ipinda au Matema aweza kuitumia akiwa na karatasi na kikombe cha maji.

Tuanze na jambo analolijua mtoto. Utambi wa kibatari hupandisha mafuta ya taa wenyewe. Karatasi ya kuchujia hupandisha maji vivyo hivyo. Kata ukanda wa karatasi, piga mstari kwa penseli sentimita 2 kutoka chini, kisha tia juu yake nukta ya wino mweusi unaoyeyuka katika maji. Ning'iniza ukanda ili ncha iguse maji, nukta ibaki juu ya maji. Jaribu wino kabla ya kipindi, kwa maana wino wa bolpeni kwa kawaida hauyeyuki katika maji.

Maji yapandapo, wino mweusi mara nyingi hugawanyika katika rangi kadhaa. Kwa nini? Tufikiri juu ya mto Kiwira ukiteremka kwenda Ziwa Nyasa, umebeba vijiti na majani. Kinachonaswa na matete mara kwa mara huchelewa, kisichonaswa hutangulia. Hapa maji ndiyo mto, na karatasi ndiyo matete.

Watoto wengine watadai kwamba karatasi ndiyo iliyotoa rangi. Mwalimu asiwakatize. Awaachie watumbukize ukanda usio na wino, waone wenyewe kwamba hakuna rangi itokeayo.

Njia hii huitwa kromatografia. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea wa Urusi, alitenganisha rangi za majani kwa kuzipitisha katika bomba lililojaa unga wa chaki. Mwaka 1952 Martin na Synge wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuiendeleza.

Siku hizi wataalamu wanayo pia kromatografia ya umeme katika kapilari. Badala ya karatasi hutumia bomba la kioo ambalo tundu lake ni jembamba kama unywele, lililojazwa chembe ndogo mno za silika. Umeme wa maelfu ya volti huunganishwa kwenye ncha zake. Silika ina chaji hasi. Kwa hiyo chaji chanya hukusanyika katika kimiminiko kilicho karibu nayo, nazo zikivutwa kuelekea ncha hasi hukikokota chote. Mwendo wake ni sawa karibu kila mahali katika tundu, hivyo kila kampaundi hubaki katika kundi lake na kutoka kwa wakati wake.

Kwa kromatografia za namna mbalimbali, wakemia hupima kama dawa ina kiungo kilichoandikwa juu ya kifuniko chake, au ni bandia. Afya ya mgonjwa hutegemea jibu hilo. Basi mtoto aliyeuona wino mmoja ukiwa rangi nyingi amekwisha kujifunza msingi wa kazi hiyo: kutoridhika na sura ya kitu mpaka kimepimwa.