Sarafu ya Tembo Ziwani Masoko

Mpelelezi wa riwaya huishi kwa kunyamaza. Muhammed Said Abdulla alilijua hilo alipompeleka Bwana Msa na kiko chake kwenye maiti iliyokutwa mzimuni, katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda shindano la uandishi la 1957–58 na kuchapishwa 1960. Bwana Msa huona anachokiona, huvuta moshi wake, hakisemi. Sahibu yake Najum hubaki akihangaika, na msomaji pamoja naye. Utamu umo katika kungoja.

Sasa mpe mtu simu umwambie: leo Bwana Msa ni wewe. Mawazo ya mpelelezi hayafichiki tena, maana mpelelezi ni mchezaji mwenyewe. Hapo ndipo penye kazi ya kugeuza riwaya kuwa gemu, wala si katika kuchora vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar vikapendeza.

Watengenezaji wa gemu wameshughulika na tatizo hilo kwa zaidi ya miaka 40. Deadline ya 1982 ilimpa mchezaji saa 12 za ndani ya gemu amjue muuaji, na kwenye boksi ziliwekwa karatasi za ushahidi za kushika kwa mkono. Walioigeuza And Then There Were None ya Agatha Christie mwaka 2005 walikabiliwa na jambo jingine: jibu lilikuwa limeshajulikana na kila aliyesoma kitabu. Wakamwingiza mwenye mashua kisiwani awe ndiye mchezaji, na muuaji wakambadilisha. Kwa maoni yangu hiyo ni nusu ya kazi. Jibu likiwa jipya lakini mchezaji akawa mwokota vitu tu, hajapeleleza. Sherlock Holmes: Crimes & Punishments ya 2014 ilithubutu zaidi: unaunganisha dokezo na dokezo kwa akili yako, na ukimtia hatiani asiye na kosa, gemu inakuacha na kosa lako. Return of the Obra Dinn ya 2018 nayo huthibitisha majibu matatu kwa mpigo, ili kubahatisha kusilipe.

Kwetu sihitaji kwenda mbali kutafuta kesi. Kusini-mashariki ya Tukuyu, wilayani Rungwe, kuna ziwa la kreta la Masoko, ambalo pia huitwa Kisiba. Ukingoni limesimama jengo la mawe la Wajerumani, kituo cha Kompania ya 5 ya jeshi lao la kikoloni, ambalo baadaye lilitumika kama mahakama. Husimuliwa kwamba walipoona Vita Kuu ya Kwanza vimewaelemea, Wajerumani walitosa ziwani dhahabu, fedha na silaha, na kwamba sarafu zao huokotwa ufukoni.

Gemu ya pupa itamvisha mchezaji miwani ya kuzamia na kumwekea sanduku chini ya maji. Mimi ningempa sarafu moja tu. Kijana anaileta: ya dhahabu, rupia 15, ina tembo, mwaka 1916, na herufi T. Mchezaji akidadisi atagundua kwamba T ni Tabora. Wajerumani, baada ya kuzibiwa njia ya bahari na Waingereza, walifua sarafu huko kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kuanzia Aprili hadi Julai 1916. Lakini majeshi ya Jenerali Northey wa Uingereza yaliingia Tukuyu, iliyoitwa Neu-Langenburg, mwishoni mwa Mei mwaka huohuo. Kwa hiyo sarafu hii ilikuwa na wiki chache mno za kutoka Tabora hadi Masoko katikati ya vita. Yawezekana. Yawezekana pia ilidondoshwa mwaka 1918, kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alipopita nyanda hizi za juu akielekea Rhodesia ya Kaskazini. Au kijana ameinunua mjini, anatafuta mtalii.

Halafu bibi mmoja anatoa heli, sarafu ndogo ya shaba ya Wajerumani, iliyochakaa, ya 1911. Haina bei, haina hadithi, lakini kama ushahidi naiamini kuliko ile ya dhahabu: askari au mpagazi yeyote angeweza kuiangusha akioga. Inathibitisha kwamba watu walikuwapo. Hazina haithibitishi. Mchezaji asiyetenganisha mambo hayo mawili ndiye atakayemshtaki mtu asiyehusika.

Na asiseme "hakuna kilichoonekana, basi hakipo." Watafiti waliochimbua tope la ziwa hili wamelisoma kama daftari la hali ya hewa la zaidi ya miaka 40,000, lenye tabaka za majivu ya volkano. Tope laini linaloongezeka hivyo humeza chuma bila taabu.

Mahojiano na wenyeji ningeyawekea masharti ya kwao. Anayemfikia mzee akauliza dhahabu kabla ya shikamoo, habari za nyumbani na za migomba, aambulie "sijui mwanangu" na mlango ufungwe hadi kesho yake. Atakayeaga kwa "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, akaribishwe tena.

Limebaki suala la ruhusa. Conan Doyle alifariki 1930 na haki zake zimekwisha. Ndiyo sababu kila mtu anamchezea Holmes. Abdulla alifariki 1991, na kwa sheria ya Tanzania ya miaka 50 baada ya kifo, anayemtaka Bwana Msa kabla ya 2041 kumalizika aanzie kwa warithi. Kesi ya Masoko haina riwaya ya kuombewa ruhusa. Inataka mtu aende Kisiba, aketi na wazee, aandike kwa idhini yao, kisha atengeneze gemu ya maandishi na picha chache, nyepesi kiasi cha kuingia kwenye simu ya bei ya chini.