KIFAFA: KIDONGE HUFANYA KAZI GANI NDANI YA UBONGO?

Hapa kwetu Manyoni watu wenye kifafa tunawajua. Wapo walioungua kwa moto wa mafiga. Wapo waliotumbukia kisimani. Tena wapo waliopewa vidonge wakavinywa vizuri, kisha wakaviacha. Ukiuliza kwa nini, mara nyingi utajibiwa hivi: "Nimekaa miezi sita sijaanguka. Si nimepona?" Hajapona bado. Leo tutaeleza kidonge kile kinafanya nini kichwani, nanyi mtaona kwa nini tunasema hivyo.

JE, UBONGO HUPELEKAJE HABARI?

Ubongo umejengwa kwa seli nyingi mno, mabilioni kwa mabilioni. Tufananishe kila seli na nyumba. Kila nyumba ina habari ya kupeleka kwa jirani: inua mkono, fumba jicho, kumbuka jina la fulani. Ndani ya nyumba habari hukimbia kwa nguvu ya umeme. Lakini nyumba nyingi hazigusani. Kati ya moja na nyingine pana upenyo mdogo sana, na umeme ukifika hapo unakoma.

Sasa habari inavukaje? Seli hutoa kemikali kidogo. Sisi tutaiita kijumbe. Kijumbe huvuka ule upenyo, hufika kwenye mlango wa jirani, na mlango hufunguka. Milango hiyo wataalamu huiita vipokezi. Kila kijumbe kina milango yake, hakifungui ya mwenzake.

Labda msomaji atauliza, nani kaona hayo? Mwaka 1921 mtaalamu Otto Loewi, katika mji wa Graz, nchi ya Austria, alichukua mioyo miwili ya vyura. Mioyo hiyo ilikuwa bado inapiga, kila mmoja katika maji yake. Akausisimua kwa umeme mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza, moyo ukapiga polepole. Kisha akayachota maji ya moyo ule akaumiminia wa pili, ambao hakuugusa kabisa. Nao ukapiga polepole! Kumbe kulikuwa na kitu ndani ya maji. Kitu hicho kilikuwa kijumbe. Mwaka 1936 Loewi alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza.

WAPO WA KUAMSHA, WAPO WA KUTULIZA

Katika ubongo vijumbe ni vya aina nyingi. Leo tutataja viwili tu. Glutameti huamsha seli. Gaba huzituliza. Gaba inapofungua mlango wake, huingia chembe za kloraidi, zile zile zilizomo katika chumvi ya kula, na seli inatulia.

Fikirini mkutano wa kijiji. Watu wanasema kwa zamu, na mwenyekiti anawatuliza wanaopayuka. Siku mwenyekiti akizidiwa, wote wanapiga kelele kwa pamoja na hakuna linalosikika. Kifafa ni hivyo. Seli nyingi zinapiga kelele kwa mara moja, mwili unakakamaa na kutupatupa, fahamu zinapotea. Povu linalotoka mdomoni ni mate tu, haliambukizi mtu. Mwenzenu akianguka mwondoeni karibu na moto, mlazeni ubavu, wala msimtie kijiko mdomoni.

KIDONGE NI JIWE LA MLANGONI

Kidonge ambacho wengi hupewa ni fenobabitoni. Mwaka 1912 daktari wa Ujerumani, Alfred Hauptmann, aliwapa wagonjwa wa kifafa dawa hiyo ili wapate usingizi. Akaona hata kuanguka kwao kumepungua. Sababu yake ilikuja kujulikana miaka mingi baadaye.

Fenobabitoni haiongezi gaba. Inachofanya ni kuuzuia mlango wa gaba usijifunge upesi, kama mtu aliyeweka jiwe mlangoni. Kloraidi inaingia kwa muda mrefu zaidi, seli zinatulia, na mtu haanguki.

Lakini jiwe likiondoka, mlango unarudia desturi yake. Kilicholeta kifafa bado kipo: labda kovu la kupigwa kichwani, malaria kali ya utotoni, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au viluwiluwi vya tegu wa nguruwe vilivyoingia ubongoni.

Tena kuna jambo baya zaidi. Ubongo huzoea. Kwa kuwa dawa inatuliza kila siku, ubongo wenyewe unapunguza bidii yake ya kutuliza. Dawa ikiachwa ghafla, seli zinaamka kwa nguvu kuliko zamani. Hapo mtu huweza kupata kifafa cha mfululizo, anaanguka tena na tena bila kupata fahamu katikati. Hicho huua.

Na dawa hii inadanganya. Hutoka mwilini polepole, kwa mtu mzima nusu yake huwa bado imo baada ya siku tatu hivi. Mtu anaacha Jumatatu, Alhamisi ni mzima, anawaambia jirani zake, "Mnaona?" Juma linalofuata yuko kwenye moto.

YA MAHENGE

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mwanamke mwenye asili ya Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, Wilaya ya Ulanga, akitumia fenobabitoni. Wakati ule watu waliogopa hata kumgusa mgonjwa aliyeanguka. Mwaka 1992 yeye na Dk. Rwiza walitoa habari za wagonjwa 164 waliofuatiliwa kwa miaka 30. Kati yao 110 walikuwa wamefariki, na zaidi ya nusu ya vifo ilihusu kifafa chenyewe: kuungua, kuzama majini, au kuanguka mfululizo. Mwaka huo huo uchunguzi wa vijiji 11 vya Ulanga ulionyesha kuwa katika kila watu 1,000, kama 10 wana kifafa. Hesabuni wenyewe kijijini kwenu.

NA POMBE JE?

Hapa tuseme wazi, hata kama wengine watanuna. Pombe ya mtama, wanzuki, gongo, zote zinagusa mlango ule ule wa gaba. Mtu akinywa kidonge na pombe nyingi, ameweka mawe mawili mlangoni. Ubongo unatulia kupita kiasi, hata kupumua kunaweza kukoma. Na mlevi wa kila siku akiacha pombe ghafla huweza kutetemeka na kuanguka kifafa, ingawa hakuwa nacho tangu kuzaliwa.

KUACHA KUNA TARATIBU

Hatusemi mtu anywe vidonge hadi kufa. Kwa kawaida akikaa miaka miwili hivi bila kuanguka, daktari anaweza kufikiria kuvipunguza, kidogo kidogo, kwa miezi. Siku za kwanza dawa huleta usingizi, kwa hiyo warina asali wa Itigi wasipande mitini kwenye mizinga. Hata baadaye, mwenye kifafa asipande. Mama anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango amwambie tabibu, maana fenobabitoni huvipunguzia nguvu. Anayetaka kwenda kwa mganga wa kienyeji shauri lake, ila vidonge asiviache. Na wakati wa kuhamia mashambani au kufuata malisho, vidonge vya kutosha vifungwe pamoja na unga na chumvi, kwa sababu mvua ikikata njia hapatapitika kwenda zahanati.

Mtu akianguka na dakika tano zikapita hajatulia, apelekwe zahanati au hospitali upesi. Huko huenda akapewa diazepamu. Mwambieni tabibu ni dawa gani mgonjwa anakunywa nyumbani, na kama amekunywa pombe semeni, msione haya, maana zote tatu zinagonga mlango mmoja.