"Kuongeza" au "Kuunda Upya"? Istilahi za Mifuatano ya Herufi

Mfasiri wa vitabu vya kufundishia utungaji wa programu za kompyuta hukutana mapema na sentensi inayomwagiza mwanafunzi "kuongeza" herufi kwenye mfuatano wa herufi. Neno hilo laonekana halina matata. Hata hivyo, katika lugha ya Java, iliyotangazwa mwaka 1995, neno hilo hupotosha, na upotofu wenyewe hugharimu kumbukumbu ya mashine na muda wa mtumiaji.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba Java ni mojawapo ya lugha ambazo programu zake hujengwa kwa vitu: kila kitu hubeba taarifa zake pamoja na kazi ziwezazo kufanywa juu ya taarifa hizo. Mfuatano wa herufi nao ni kitu, na ukishaundwa haubadiliki. Mtunga programu "anapoongeza" herufi moja, kompyuta hutenga nafasi mpya katika kumbukumbu, hunakili herufi zote za zamani, kisha hutia ile mpya mwishoni. Mfuatano wa awali hubaki ulivyo, na usipohitajika tena hungoja kuzolewa. Maandishi ya herufi 1,000 yakijengwa hivyo, herufi moja moja, kompyuta itakuwa imeandika herufi 500,500. Kwa herufi 10,000, idadi yapita milioni 50.

Ndiyo sababu tunasita kulikubali neno "utungo", ingawa lapendeza sikioni na mzizi wake ni wetu. Atungaye shanga huongeza ushanga kwenye uzi ule ule. Picha hiyo ndiyo hasa tusiyotaka mwanafunzi awe nayo. (Isitoshe, wanafasihi wamekwisha kulitwaa.) Twapendekeza "mfuatano wa herufi", na kwa tendo lenyewe, "kuunda mfuatano mpya kwa kuunganisha".

Neno "kuongeza" tulihifadhi kwa chombo kingine, ambacho twapendekeza kiitwe "kiundio". Hicho hubadilika. Katika Java kwa kawaida huanza na nafasi za herufi 16. Zikijaa hupanuliwa kuwa 34, kisha 70, na kuendelea, hata kufikia herufi 1,000 hupanuliwa mara 6 tu. Kazi ikiisha, mfuatano huundwa mara moja.

Hapana budi kutahadhari hapa. Katika C++ mfuatano wenyewe waweza kubadilishwa pale pale ulipo, na huko "kuongeza" ni sahihi kabisa. Mfasiri aangalie kwanza kitabu chake chahusu lugha gani ya programu.

Limebaki jambo dogo. "Urefu" wa mfuatano usichanganywe na "ukubwa" wake: urefu ni hesabu ya herufi, ukubwa ni hesabu ya baiti. Awali Java ilihifadhi kila herufi kwa baiti 2. Tangu toleo la 9, la mwaka 2017, mfuatano wa herufi za Kirumi pekee, kama yalivyo maandishi yetu ya kila siku ya Kiswahili, huhifadhiwa kwa baiti 1 kwa kila herufi. Urefu ni ule ule, ukubwa karibu nusu.