Nairobi Hadi Mombasa kwa Baiskeli: Pumzi Huwahi, Kano Huchelewa

Wanaopanga kwenda Mombasa kwa baiskeli kutoka Nairobi bila maandalizi ya kutosha huwa na hoja moja: Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Mombasa iko pwani, kwa hiyo safari ni mteremko tu. Hebu tupige hesabu. Mita 1,700 ukizigawa kwa kilomita 480 hivi za barabara, unapata mteremko wa mita tatu na nusu kwa kila kilomita. Huo ni mdogo kiasi kwamba jicho halioni, na vilima vya njiani humaliza faida yake.

Kisha kuna upepo. Barabara inaelekea kusini-mashariki, na katikati ya mwaka kusi huvuma kutoka huko huko. Mtu anayekwenda kilomita 20 kwa saa akikabiliwa na upepo wa mbele wa kilomita 10 kwa saa, nguvu anayotumia kupasua hewa huzidi mara mbili ya ile ya siku tulivu. Akikaidi na kulazimisha mwendo wake wa kawaida, atakuwa ametumia nguvu za siku nzima kabla ya saa sita mchana.

Hata hivyo, vilima na upepo si adui mkubwa. Tatizo ni kwamba viungo vya mwili haviivi kwa pamoja. Ukianza mazoezi leo, maji ya damu huanza kuongezeka ndani ya siku chache, na moyo ukapata kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Baada ya wiki kadhaa misuli nayo inajifunza kutumia mafuta na oksijeni vizuri zaidi. Lakini kano, zile kamba ngumu zinazofunga misuli kwenye mifupa, hupata damu kidogo na huimarika kwa miezi. Ndiyo maana mtu aliyefanya mazoezi kwa wiki tano hujiona yuko tayari: hahemi, mapaja hayamuumi. Pumzi inampa ruhusa ambayo magoti hayajaitoa.

Tazama kazi ya goti. Safari ya siku tatu ni kilomita 160 kwa siku, yaani saa nane za kukanyaga pedali kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Kwa mizunguko 80 kwa dakika, kila goti hukunjwa na kukunjuliwa mara 38,400 kwa siku. Kosa dogo la urefu wa kiti, ambalo hulihisi ukienda sokoni, hapo linageuka jeraha. Kiti kikiwa chini mno, maumivu huja mbele ya goti. Kikiwa juu mno, huja nyuma yake. Kipimo cha kuanzia ni rahisi: kaa kitini, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

Mikono nayo huumia. Mshipa wa fahamu unaopita kiganjani upande wa kidole cha mwisho ukigandamizwa na usukani kwa saa nyingi, kidole hicho na cha pete hufa ganzi. Wengine hushindwa hata kufunga vifungo vya shati, na hali hiyo inaweza kudumu siku au wiki. Badilisha mahali pa kushika kila baada ya dakika chache, vaa glavu zenye sponji, na usikiinamishe kiti mbele, maana uzito wote utahamia mikononi. Makalio hayana njia ya mkato: ngozi huzoea kiti kwa kukaliwa tu. Kaptura yenye sponji husaidia, ivaliwe bila chupi ndani ili mishono isichubue.

Upande wa chakula, mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini kiasi cha kutoa kalori 2,000 hivi. Saa nane za baiskeli zaweza kutumia 4,000. Mafuta ya mwili ni mengi, ila hutoa nguvu polepole. Wanga ukiisha, miguu hulegea ghafla na kichwa huwa kizito, na hilo si jambo dogo kwenye barabara yenye malori. Kula kabla ya njaa: ndizi mbivu mbili kwa saa hukupa takriban gramu 50 za wanga. Tumbo pia lifanyishwe mazoezi, kwani kula huku unakanyaga pedali ni jambo la kuzoea.

Joto la Kibwezi na Voi humkuta mtu wa Nairobi hajalizoea, na mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kujirekebisha. Kunywa kadiri ya kiu, na uongeze chumvi kwa chakula au maji ya ORS. Kujaza maji matupu kupita kiasi hushusha chumvi ya damu, na hilo laweza kuua. Usimeze diklofenaki au ibuprofeni ili uendelee: mwili uliopungukiwa maji ukipewa dawa hizo, figo huwa hatarini. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi na misuli imevimba au inauma sana, safari imeisha. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Basi utajuaje kama uko tayari? Usijipime kwa siku moja. Siku moja mtu huivuka kwa ari tu. Endesha kilomita 80 Jumamosi, kisha 80 nyingine Jumapili. Jumapili ndiyo itakayosema kweli: je, unaweza kukaa kitini, kushika usukani na kupanda kilima bila goti kulalamika? Ukiweza, gawa safari kwa siku sita, kilomita 80 kila siku. Ukitaka siku tatu, jipe miezi mitatu au zaidi, ukiongeza umbali kidogo kidogo kila wiki na kupumzika wiki moja kati ya nne.

Na kama tarehe imekaribia nawe hujafika hapo, pakia baiskeli kwenye basi, uanzie Voi. Kilomita 150 hivi zilizobaki, ukizigawa kwa siku mbili, bado ni safari ya kujivunia. Goti zima litakuruhusu mwakani kuanzia Nairobi. Goti lililolazimishwa linaweza kukunyima hata kwenda sokoni.