Mlango Ukatwe, Ukuta Ubaki Salama

Haya, mmehamia. Rangi imekauka, vigae vinang'aa, mapazia mmeyapata baada ya kuzunguka Kariakoo wiki mbili mkizozana. Kisha mlango wa chumbani unaanza kukwaruza sakafu. Hapo ndipo kasheshe linapoanza, maana dawa kila mtu anaijua: aitwe fundi, akate.

Akate nini? Mimi huwa nasema mlango uchunguzwe kwanza. Ubao ukinyonya unyevu hutanuka kwa upana, kwa urefu karibu hautanuki kabisa. Mlango unaobana upande wa kitasa wakati wa masika umevimba tu. Ule unaokwaruza chini una kesi nyingine: vigae vimeinua sakafu, au bawaba zimelegea mlango ukainama. Kama ni bawaba, skrubu ndefu kidogo zinamaliza maneno, hakuna kukata. Hujui unabana wapi? Paka chaki ukingoni, ufunge mlango, uone chaki imefutika wapi. (Lipstiki iache kwenye pochi, shosti. Ikigusa fremu nyeupe haitoki.)

Kwetu Tabata tatizo lilikuwa vigae. Fundi akaja na grainda, anataka kukata mlango ukiwa umesimama palepale. "Dada, dakika tano tu." Mume wangu akawa upande wa fundi, mechi ilikuwa inakaribia kuanza! Mimi nikagoma. Nilishaona yaliyompata rafiki yangu wa Kimara: fundi alikata kabati la ukutani bila kufunika kitu, vumbi la mninga likatua kwenye ukuta mweupe, halafu akalifuta kwa kitambaa kibichi. Ikawa michirizi ya kahawia chumba kizima. Rangi ikanunuliwa upya, na yeye na mumewe wakanuniana mpaka Jumapili, kila mmoja akimuuliza mwenzake nani alimleta yule fundi.

Isitoshe, grainda ikifungwa diski ya meno ya mbao inaweza kuruka mkononi, ikajeruhi mtu. Na vumbi la mbao si la kuchezea: shirika la utafiti wa saratani la WHO lililitaja mwaka 1995 kuwa linasababisha saratani kwa binadamu. Barakoa ni lazima, hata kwa kazi ya dakika tano.

Tulichofanya ni hiki. Mlango ukiwa bado umesimama, tulipiga mstari kwa penseli juu ya kigae kilichoinuka zaidi, tukiacha nafasi kama milimita 5. Ndipo ukang'olewa na kupelekwa uani. Kwenye mstari tukabandika teepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, kisha fundi akapitisha kisu kikali mara mbili tatu kabla ya msumeno. Kisu hicho ndicho kinachozuia ubao usichanike. Randa nayo ilianzia pembeni kuelekea katikati. Ukiitoa nje kwenye kona, inaondoka na kipande.

Milango myepesi ya plaiwudi, iliyo tupu katikati, ina ubao mwembamba tu kule chini. Ukikata sana unatokea uwazi. Hiyo punguza kidogo kwa randa, basi.

Sasa kabati la ukutani, ambalo halitoki. Hapa wapenzi mnahitajiana kweli. Shuka kuukuu sakafuni, plastiki ukutani, teepu ya karatasi ikiwa imebandikwa kwanza kwenye nguo ili gundi yake ipungue nguvu, isije ikabandua rangi mpya. Mmoja anakata kwa msumeno wa mkono wenye meno madogo, mwingine anashika mdomo wa mashine ya kuvuta vumbi hapohapo kwenye mkato. Kama hamna mashine, brashi laini na kavu. Kitambaa kibichi marufuku! Teepu itolewe siku ileile, polepole, ikivutwa kwa mshazari.

Fundi akimaliza ataanza kukusanya vyombo vyake. Mzuie kidogo: ule ukingo mpya bado uko uchi, na kila mkideki utakunywa maji. Tulipaka vanishi mara mbili, tukaacha ikauke usiku kucha, tukalala bila mlango. Na ule unaobana pembeni kwa sababu ya masika, msikimbilie randa mwezi wa nne. Mkiutoa mwingi, kiangazi ubao ukisinyaa mtapata ufa wa kuchungulia sebuleni.