Saa Inayohesabu Hatua, na Yale Isiyoyajua

Mji wa Kasumbalesa wajulikana na kila dereva wa lori aendaye safari ndefu katika sehemu hizi za Afrika. Uko mpakani, upande wa Kongo, katika jimbo la Haut-Katanga, yapata kilomita 90 kutoka Lubumbashi. Ng'ambo ya pili ni Zambia, njia ya kwenda Chililabombwe na miji mingine ya shaba. Hapo hupita malori yaletayo mafuta, unga na mashine, na hapo hutoka yale yaliyobeba shaba na kobalti kwenda Dar es Salaam, Durban na bandari nyinginezo. Foleni yake husimuliwa hata na watu wasiopata kuiona. Dereva aweza kukaa siku kadhaa ndani ya gari lake, akisogea mita chache kwa saa nzima. Na ikiwa mpaka umefungwa, kama Zambia ilivyoufunga kwa siku chache mwezi wa Agosti 2024 kwa sababu ya ugomvi wa biashara, foleni hurefuka hata mtu asione mwisho wake.

Katika mji wa namna hiyo, ambamo wengine hukaa kupita kiasi na wengine hutembea kupita kiasi, tumeona kitu kipya mikononi mwa watu. Ni saa ndogo, au tuseme bangili yenye kioo, ambayo haitosheki na kutaja saa tu. Yahesabu hatua za mwenye kuivaa, yapima mapigo ya moyo wake, yamwambia amelala muda gani usiku, na ikiunganishwa na simu huweka habari hizo zote katika daftari lisilo na karatasi. Baadhi ya saa hizo zatoka kwa makampuni yenye sifa. Nyingi zaidi huuzwa kando ya barabara pamoja na miwani ya jua na vifuniko vya simu, nazo hazina jina la mtengenezaji, au zina jina mashuhuri lililokosewa herufi moja. Tuliwauliza wanaozivaa wanazionaje.

Wa kwanza alikuwa dereva Mtanzania, mzee wa makamo mwenyeji wa nyanda za Mbeya, aliyekuwa katika foleni kwa siku ya tatu. Kutoka Dar es Salaam hata hapo ni mwendo wa kilomita zipatazo 2,000, na karibu zote mtu huzimaliza akiwa ameketi. Alituambia kwamba saa yake ilimfundisha jambo moja ambalo hakuna mtu aliyepata kumwambia: siku nyingine alikuwa hafikishi hatua 1,000 tangu alfajiri mpaka usiku. "Nilidhani nimechoka kwa kazi," alisema, "kumbe nimechoka kwa kukaa." Tangu hapo hulizunguka lori lake kila foleni inaposimama, na utingo wake humcheka. Lakini alituonya pia kwamba saa hiyo ina uongo wake. Akipita barabara mbovu, mtikisiko wa usukani huhesabiwa kuwa ni mwendo wa miguu, naye huambiwa ametembea hali hakunyanyuka kitini.

Si ajabu. Ndani ya saa mna chombo kidogo kinachohisi mikono inavyotupwa mbele na nyuma. Chenyewe hakijui miguu ni nini. Mkono ukitikisika kwa namna inayofanana na kutembea, huandika hatua. Mkono ukitulia, hakiandiki kitu. Ndiyo sababu vijana wa Kasumbalesa wavushao magunia kwa baiskeli huonewa na saa hizi. Kijana mmoja aliyekuwa amekwisha kwenda na kurudi mara nyingi tangu asubuhi, jasho likimtiririka, alituonyesha kioo chake: saa ilimhimiza ainuke akafanye mazoezi kidogo! Mikono yake ilikuwa imeshika usukani wa baiskeli muda wote, basi kwa hesabu ya saa alikuwa mvivu. Twaona wazi kwamba waliobuni chombo hiki hawakumfikiria mchukuzi wa mpakani. Walimfikiria mtu wa mjini akaaye ofisini, ambaye kutembea kwake ni jambo la kutafutiwa nafasi.

Wengi walitutajia pia hatua 10,000, kana kwamba ni sheria iliyotolewa na waganga. Asili yake ni nyingine kabisa. Mwaka 1965, baada ya michezo ya Olimpiki iliyofanywa Tokyo mwaka 1964, kampuni moja ya Ujapani ilianza kuuza chombo cha kufungwa kiunoni kiitwacho manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la kuvutia wanunuzi. Wataalamu walipokuja kuchunguza baadaye waliona mengine. Mwaka 2019 Bi. I-Min Lee wa Harvard, pamoja na wenzake, walitoa habari za wanawake zaidi ya 16,000 wa Marekani, wengi wao wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa kuliko waliotembea 2,700 tu. Na kupita hatua kama 7,500 faida haikuongezeka tena. Basi mama mwenye umri mkubwa, aliyeambiwa na mjukuu wake kwamba hajafikisha elfu kumi, asihuzunike.

Mama mmoja abadilishaye fedha, faranga za Kongo na kwacha za Zambia, alitupa ushuhuda wa kuipendelea saa yake. Kazi yake ni kuketi nyuma ya meza ndogo tangu asubuhi hata jioni. Saa humtikisa mkono kila baada ya muda, naye husimama, huenda mpaka kwa mwenzake wa meza ya pili, husalimiana na kurudi. Maumivu ya mgongo yamepungua. Je, hangeweza kusimama bila kuambiwa na saa? Angeweza. Lakini hakuwa akisimama, na sasa husimama.

Juu ya mapigo ya moyo, jambo lililotupendeza zaidi tulilisikia kwa wanafunzi wa sekondari. Mwalimu wao aliazima saa tatu za namna mbalimbali, akamwambia kila mvaaji aweke vidole viwili vya mkono wa pili juu ya mshipa uliopo chini ya dole gumba, ahesabu mapigo kwa dakika moja, kisha aangalie kioo. Walipokuwa wametulia, saa zote tatu zilikaribiana na vidole. Walipokimbia kuuzunguka uwanja na kupima tena, mbili zilikosea sana. Hesabu ya vidole haina gharama, na kila mwenye saa ya namna hii afadhali aijaribu kabla ya kuiamini.

Yafaa kueleza saa inavyofanya. Ukiigeuza utaona chini yake taa ndogo za kijani. Damu huimeza rangi ya kijani. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka katika mishipa ya mkono, na mwanga unaorudi hupungua. Saa huhesabu kupungua huko. Ikiwa imelegea, au mkono unatupwa huku na huku, mwanga huvurugika. Wengine walituuliza kama ngozi nyeusi haizuii mwanga huo. Swali lao ni la haki, maana vyombo hivi havikutengenezwa huku. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke walilichunguza mwaka 2020, nao hawakuona kwamba rangi ya ngozi ilileta tofauti kubwa katika kuhesabu mapigo. Kosa lilitokana zaidi na mwendo wa mwili na aina ya saa. Lakini katika kupima hewa ya oksijeni iliyomo katika damu ni mambo mengine. Mwaka huohuo uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba hata vile vipimo vya kubana kidole vitumiwavyo hospitalini viliwakosa wagonjwa weusi walioishiwa oksijeni karibu mara tatu kuliko weupe. Ikiwa chombo cha hospitali hukosea hivyo, namba ya oksijeni ya saa ya kando ya barabara ina thamani gani?

Twaja sasa kwenye habari iliyotufanya tuandike makala hii. Yule dereva wa Mbeya ana shinikizo la damu, au presha kama wengi waiitavyo. Alipewa dawa miaka kadhaa iliyopita. Saa yake ilipofika ilikuwa na ukurasa wa presha, na kila alipougusa aliona 118 juu ya 76, au namba iliyokaribiana na hiyo. Alifurahi, akasema amepona. Vidonge vilipokwisha njiani hakununua vingine, na bukari kwa makayabu yenye chumvi nyingi alikula bila hofu. Baada ya wiki kadhaa alishikwa na kizunguzungu akiwa katika foleni. Wenzake walimpeleka kwenye kituo cha afya. Mwuguzi alimfunga mkononi ule mfuko wa kitambaa unaojazwa upepo, akasoma 182 juu ya 110. Dereva akamwonyesha saa yake: ilikuwa bado yasema 118. Mwuguzi hakubishana naye. Aliivua saa ile, akaifunga kwenye ndizi iliyokuwa mezani, na baada ya kitambo kioo kikaonyesha kwamba ndizi ile ina mapigo ya moyo.

Msomaji asidhani kwamba ni mzaha tu. Mwanga wa kijani ukirudi kutoka kitu chochote, saa nyingine hutafuta mapigo mpaka iyapate. Na presha haipimwi kwa mwanga peke yake kwa urahisi hivyo. Hata Samsung, kampuni kubwa ya Korea, ambayo saa zake zilikubaliwa kwa kazi hiyo nchini mwao mwaka 2020, humtaka mvaaji ailinganishe saa na kipimo cha mfuko wa upepo kila baada ya wiki nne. Muuzaji wa Kasumbalesa hamwambii mtu hivyo. Na Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba karibu nusu ya watu wenye presha duniani hawajui kuwa wanayo. Je, tuwaongezee na wale waliojua, wakadanganywa na saa wakasahau?

Kisukari ni vivyo hivyo, tena ni hatari ya upesi zaidi. Ziko saa zinazouzwa kwa sifa kwamba hupima sukari ya damu bila kuchoma kidole. Mwezi wa Februari 2024 idara ya Marekani inayosimamia dawa na vyombo vya tiba iliwaonya watu wote: haijakubali hata saa moja wala pete moja inayodai kufanya hivyo yenyewe. Mgonjwa anayepima dawa yake ya insulini kwa namba ya uongo aweza kuanguka na kufa kabla ya jua kuchwa. Sindano ndogo ya kidole yaudhi, lakini hupima damu yenyewe.

Nasi hatusemi saa hizi zitupwe. Tena watu wa Katanga wana haki ya kuzivaa kuliko wengi. Katika betri nyingi za vyombo hivi mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yote yachimbwa Kongo. Huenda dereva wetu amekwisha kuipeleka pwani, ikaenda Uchina kusafishwa, ikamrudia katika mkono wake mwenyewe.

Siku hizi ananunua vidonge vya mwezi mzima kabla ya kuondoka Dar es Salaam, na presha hupimiwa vituoni, Tunduma akienda na Kasumbalesa akifika. Namba zake huandikwa kwa kalamu katika kijitabu akiwekacho pamoja na hati za mzigo. Saa angali anaivaa kwa ajili ya hatua. Alipotuaga alikuwa akilizunguka lori lake mara ya nne, na foleni ilikuwa haijasogea.